Ua wa Minyaa na Moto wa Kiangazi katika Nchi ya Wasukuma

Mvua zikiisha mwezi wa Mei, nchi ya Usukuma hubadili sura. Mashamba ya mtama na mahindi hubaki mabua matupu, nyasi za mbugani hugeuka rangi ya simba, na vichaka vilivyo baina ya majabali ya Mwanza hukauka kabisa. Tangu Juni hata mvua za kwanza za Oktoba au Novemba, moto mdogo wa mtu asafishaye shamba lake waweza kuwa moto wa watu wote.

Tumeazimu kuandika habari za ua uzungukao nyumba za Wasukuma, jinsi ulivyopandwa, jinsi ulivyokatwa, na jinsi ulivyoacha kukatwa. Hatuandiki kwa kusifu mambo ya kale kwa sababu ni ya kale. Twaandika kwa sababu sisi wenyewe tulikosa katika jambo hili, na kosa letu ndilo lililotufanya tuwaulize wazee.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Tulipokuwa tungali vijana katika kazi ya ualimu, tulipewa shule moja ya kijijini, na nyumba za walimu zilikuwa zimezungukwa na ua mkuukuu wa minyaa. Tuliuona ua ule ni uchafu. Tulisema ni makao ya nyoka, tena maziwa yake yaumiza macho ya watoto. Basi tuliwaongoza wanafunzi kuung'oa wote, na mahali pake tukaweka ua wa fito na matawi ya miiba yaliyokauka, tukajisifu kwa kazi safi. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mtu mmoja alichoma mabua ya shamba lake. Upepo ukageuka, moto ukashika ua wetu wa fito, ukaufuata kama mtu afuataye njia, mpaka jikoni, na kutoka jikoni ukapanda paa la nyasi. Hakufa mtu, tumshukuru Mungu. Lakini chakula cha mwaka mzima kiliteketea, pamoja na vitabu na madaftari ya shule.

Mzee mmoja aliyekuja kutupa pole alitazama majivu, akasema kwa upole: "Mwalimu, mlimfukuza askari, mkaweka kuni mahali pake." Neno lile hatukulisahau.

I. Kaya na moto wake

Makao ya Msukuma huitwa kaya. Kaya ya zamani ilikuwa na nyumba za msonge, yaani za mviringo, zenye kuta za miti na udongo na paa la nyasi lililochongoka. Palikuwa na maghala ya nafaka, na zizi la ng'ombe, na ua uliozunguka vyote. Karibu na lango la zizi palikuwa na shikome, mahali pa moto wa wanaume. Hapo wanaume walikula chakula cha jioni, na vijana walisikia habari za ukoo na hukumu za wakubwa. Moto huo ulilishwa samadi kavu ya ng'ombe, ambayo huungua polepole wala haitoi ndimi ndefu.

Msomaji na afikiri jambo hili. Nyasi juu ya kila kichwa, nafaka kavu ghalani, na moto katikati ya watu kila usiku. Wale waliokaa hivyo hawakuwa wajinga wa hatari. Kuchagua samadi badala ya kuni za kutoa cheche kulikuwa ni hekima, ingawa hakuna aliyeiandika. Na kiwanja kilichozunguka shikome kilifagiliwa kila siku hata kikawa udongo mtupu, mgumu kama sakafu. Wageni walidhani kwamba kufagia kule ni usafi tu. Wazee tuliowauliza walisema: usafi, ndiyo, lakini pia ni kwa ajili ya nyoka aonekane, na moto ukose pa kukanyaga.

Anayetaka kuona umbo la kaya ya namna hii bila kusafiri mbali aende Bujora, karibu na Kisesa, ambako Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alianzisha makumbusho ya Wasukuma.

II. Mmea wenyewe

Mnyaa ni mti usio na majani ya kuonekana. Vijitawi vyake ni kama penseli za kijani, na ukivunjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Wataalamu wa mimea huuita Euphorbia tirucalli. Watu wengine huuita manyara, na yasemekana kwamba jina la Ziwa Manyara latokana na neno la Kimasai, emanyara, lihusulo boma la mmea huo. Wengine huuita utupa, kwa kuwa utomvu wake hutumiwa kulevya samaki. Hauliwi na mbuzi wala ng'ombe, hushika mizizi kwa kuchomekwa tawi tu ardhini, huvumilia ukame, na huishi kuliko nyumba iliyozungukwa nao. Mahali pengi katika Usukuma, mtu apitaye hutambua itongo, yaani mahali palipohamwa, kwa mstari wa minyaa mirefu iliyobaki peke yake.

Kwa habari ya moto, mmea huu una tabia mbili, na hapa ndipo wengi hupotea. Tawi bichi limejaa maji na utomvu, haliwaki upesi. Lakini tawi lililokufa ni kuni nzuri sana. Hata utomvu wenyewe una asili ya mafuta: mtaalamu wa kemia wa Marekani, Melvin Calvin, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1961, aliichunguza baadaye mimea ya jamii hii akitumaini kupata mafuta ya kuendeshea mitambo. Basi ua wa minyaa iliyo hai, iliyofupishwa na kusafishwa chini, ni ukuta mbele ya moto wa nyasi. Ua ulioachwa miaka kumi, wenye matawi makavu ndani na majani yaliyopanda chini yake, ni utambi mrefu.

Kwa sababu hii neno la mzee wetu lina nyongeza, nayo aliitoa mwenyewe siku nyingine. Alituonyesha kaya ya jirani iliyoungua ingawa ilikuwa na ua wa minyaa, akasema mwenyewe alikuwa ameacha kuukata tangu wanawe walipokwenda mjini. Askari asiyelishwa hulala.

III. Maneno manne

Lugha yenyewe yatufundisha kutenganisha kazi hizi. Kufyeka ni kuondoa majani na vichaka chini. Kupogoa ni kupunguza matawi, mti ukibaki hai. Kung'oa ni kuondoa mti pamoja na mizizi. Nasi, katika ujana wetu, tulichanganya kupogoa na kung'oa, tukidhani tofauti yake ni ya maneno tu.

Neno la nne ni kutema. Katika Kiswahili twasema kutema kuni. Na katika lugha za Wasukuma na Wanyamwezi kutema ni kukata. Kutokana na neno hilo wengi hupata jina ntemi, ambalo Kiswahili chalitamka mtemi, yaani mfalme wa nchi. Wako wasemao kwamba ni kwa sababu ndiye akataye maneno barazani. Na wako wasemao kwamba mtemi wa kwanza alikuwa yule aliyekata pori, watu wakapata mahali pa kujenga. Hatupendi kuamua baina yao. Latosha kuona kwamba watu hawa waliweza kufikiri enzi yenyewe kama kazi ya mkataji: nchi ni mahali palipokatwa, na pori ni mahali pasipokatwa. Mpaka baina ya hizo mbili hausimami wenyewe; kila mwaka wahitaji mkono wa mtu.

IV. Zamani za vita

Wasafiri wa Ulaya waliopita Unyamwezi na Usukuma tangu mwaka 1857 waliandika habari za vijiji vilivyozungukwa na minyaa. John Hanning Speke, aliyefika Mwanza na kuliona ziwa mwezi wa Agosti 1858, alipita katika nchi ya namna hiyo. Zilikuwa zamani za biashara ya pembe na watumwa, na za mashambulio ya Wangoni na ya majemadari kama Mirambo wa Unyamwezi, aliyekufa mwaka 1884. Katika vita vya namna ile moto ulikuwa silaha. Adui hakuhitaji kuvunja nyumba ya nyasi. Alihitaji kijinga kimoja.

Watu walijilinda kwa njia mbalimbali. Katika Unyanyembe wengi walikaa katika tembe, nyumba zenye paa bapa la udongo lisiloshika moto upesi. Wasukuma walidumu katika misonge yao, na ua hai ukawa sehemu ya ulinzi wao. Ua wa miti mikavu ungeungua. Ua wa minyaa uliwazuia watu na ng'ombe, ukamtia adui mashaka ya macho yake, wala haukuwaka kwa kutupiwa kijinga. Zamani zile ua haukuachwa ovyo, maana mlinzi aliyetaka kumwona adui alikuwa hana budi kupunguza vichaka vilivyo mbele yake. Hofu ya vita ilifanya kazi ya kuzuia moto pasipo mtu kuitaja.

V. Ng'ombe wafa, pori larudi

Katika miaka ya 1890 na 1891 sotoka ilipita katika Afrika ya Mashariki, ikaua ng'ombe wengi mno. Wadachi walijenga kituo chao Mwanza mwaka 1892, wakaikuta nchi iliyokwisha jeruhiwa. Ng'ombe ndio waliokuwa wakila nyasi. Walipokufa, nyasi zilisimama, na baada ya nyasi vichaka, na pamoja na vichaka mbung'o, yaani ndorobo, achukuaye ugonjwa wa malale. Katika mwaka 1922 ugonjwa huo uligunduliwa Maswa. Pori lilikuwa limerudi mpaka karibu na malango.

Hapo ndipo serikali ya Waingereza ilipoanza vita na pori. Bwana C. F. M. Swynnerton alifanya kazi Shinyanga tangu miaka ya 1920 mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Njia zake zilikuwa mbili kubwa. Ya kwanza ni kufyeka: watu kwa maelfu, wakiitwa na watemi wao, walikata vichaka kwa mashoka na mapanga. Ya pili ni moto wenyewe. Nyasi zilikatazwa kuchomwa mapema. Zilihifadhiwa mpaka mwisho wa kiangazi, zilipokuwa kavu kabisa, kisha zikachomwa kwa pamoja ili moto uwe mkali wa kuua vichaka.

Twaona hapa fundisho kubwa. Moto wa mapema, nyasi zikiwa na unyevu, ni mpole. Moto wa mwisho wa kiangazi ni simba. Palipo na moto wa namna hii, kaya isiyo na kiwanja kilichosafishwa haiwezi kupona. Wazee walisema kwamba kabla ya moto mkubwa watu walilima ukanda mtupu nje ya ua, wakaondoa mabua, wakakata matawi ya chini ya minyaa. Vijana walifanya kazi hiyo kaya kwa kaya, kama walivyozoea kulima pamoja katika elika. Na moto ukivuka, ulipigwa mwano, ndio yowe. Asiyeitika alilaumiwa, maana moto wa jirani hauna mpaka.

Kabla ya kuendelea yafaa tutazame kisiwani Ukara, kaskazini ya Ukerewe, ambako watu ni wengi na ardhi ni kidogo. Wakara tangu zamani waliwafunga ng'ombe ndani ya nyumba, wakawakatia majani na matawi, wakarudisha samadi shambani. Kila mti ulikuwa na mwenyewe. Hawakukata matawi kwa kuogopa moto. Walikata kwa sababu kila jani lilikuwa na kazi. Lakini matokeo ni yale yale: mahali ambapo kila jani lina kazi, moto haukuti chakula.

VI. Pamba, mkonge na mabati

Mambo matatu ya karne iliyopita yalibadili kaya ya Msukuma. La kwanza ni pamba. Shina la pamba huleta wadudu wa mwaka ujao, kwa hiyo mkulima aliagizwa kung'oa mabua na kuyachoma baada ya mavuno. Amri ilikuwa njema, lakini iliweka moto mkononi mwa kila mkulima katikati ya kiangazi, mara nyingi karibu na nyumba.

La pili ni mkonge. Watu wengi wa Mwanza na Shinyanga waliupanda mipakani, wakauza nyuzi zake. Mkonge una faida. Lakini majani yake ya chini hukauka na kujikusanya, na yasipoondolewa hutengeneza kichuguu cha kuni. Baada yake ikaja lantana, mmea wa maua mazuri kutoka Amerika, upendwao na walimu na wake zao. Ndani yake hujaa vijiti vikavu, na huenea wenyewe kuliko mgeni yeyote aliyepata kualikwa.

La tatu ni mabati. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na polepole paa la nyasi likaanza kumpisha bati. Watu wakadhani hatari imekwisha. Wakaacha kufagia mpaka nje ya lango, wakaacha kupogoa. Lakini nyumba ya bati ina milango ya mbao, na mwanya chini ya paa, na jiko la nyuma ambalo mara nyingi lingali la nyasi. Wachunguzi wa Marekani, ambako mioto ya misitu imeteketeza miji mizima, wameonyesha kwamba nyumba nyingi haziwaki kwa ukuta mkubwa wa moto. Huwaka kwa cheche zirukazo na kwa moto mdogo utambaao katika takataka na vichaka vilivyogusa nyumba. Katika jimbo la California sheria yawataka watu wa mahali pa hatari kusafisha hata futi 100 kuizunguka nyumba, nayo yakazia zaidi hatua chache za kwanza. Tulipoisoma habari hiyo tulimkumbuka bibi mwenye ufagio.

VII. Vijiji na ngitili

Katika mwaka 1974 watu wa Usukuma walihamishwa kwa Operesheni ya Vijiji. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na ua wake na mashamba yake, ziliachwa. Nyumba zikapangwa kwa mistari. Yako mema yaliyotafutwa: shule, maji, zahanati. Lakini ua wa minyaa hauhamishwi kwa siku moja, wala ujuzi wake hauhamishwi kwa gari. Nyumba za nyasi zilisimama karibu karibu, na nafasi baina yao ilikuwa ya wote. Na kitu cha wote, kama hakikupewa mwenyewe, hukatwa na nani? Minyaa ya zamani ilibaki matongoni, ikaota mirefu, ikizunguka nyumba zisizokuwapo.

Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1986, katika mkoa jirani wa Shinyanga, kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI, ilianza kuifufua desturi ya ngitili. Ngitili ni malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Zilizojulikana wakati huo zilikuwa hekta 600 hivi tu. Kufikia mwaka 2004 zilikadiriwa kupita hekta 300,000. Kazi hii ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002, na kwa haki. Lakini ngitili maana yake ni nyasi na miti iliyosimama kavu karibu na watu. Desturi moja ikifufuliwa, dada yake hana budi kufufuliwa naye. Aliye na ngitili bila ukanda uliosafishwa baina yake na kaya ameweka akiba yake na hatari yake mahali pamoja. Nayo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakataza mtu kuchoma majani yaliyo nje ya kiwanja cha nyumba yake pasipo kibali. Lakini sheria haiwezi kumshikia mtu panga.

VIII. Neno kwa walimu na mapadre

Katika habari hizi zote twaona jambo moja. Ua wa Msukuma ulimlinda na moto siku zote alipokuwa na sababu ya kuukata: vita, ng'ombe, mbung'o, lishe. Kila sababu ilipokwisha, panga lilining'inizwa, na ua ukageuka kuwa adui. Si mmea uliobadilika. Sisi twaishi zamani ambazo sababu zile zimekwisha, na iliyobaki ni moja tu, yaani moto wenyewe. Hiyo nayo huonekana mara moja, tena kwa kuchelewa. Wahenga walisema, moto huzaa jivu.

Basi tusiwafundishe wanafunzi kung'oa, kama tulivyofanya sisi. Tuwafundishe kupogoa. Mwezi wa Mei au Juni, nyasi zingali na unyevu, ua ufupishwe usipite kimo cha mtu; matawi makavu yatolewe ndani na kupelekwa mbali, yasiachwe mguuni pa ua; chini pafyekwe mpaka udongo uonekane; na hatua kadhaa kuizunguka nyumba pasiwe na kitu cha kuwaka, wala rundo la kuni ukutani. Kazi ya minyaa ifanywe na watu wazima, wakikinga macho, maana utomvu wake waweza kuyadhuru vibaya; watoto wapewe mafagio. Na wajane na wazee ambao wana wao wako mjini wakatiwe na vijana wa parokia na shule, kama elika ilivyofanya. Kaya ambayo haina wa kuikata ndiyo mlango wa moto wa kijiji kizima.

Mzee wetu alikwisha kufa. Kabla hajafa tulimwomba matawi machache ya minyaa yake, tukayachomeka kuizunguka nyumba ya shule ile, mahali tulipong'oa. Yalishika yote. Kila mwezi wa Juni tuliyakata pamoja na wanafunzi wakubwa, tukiwasimulia kwa nini.

Tungependa wasomaji walio Ukerewe, Uzinza, Uhaya na pwani ya Mara watuandikie maneno ya lugha zao kwa kazi hizi, kufyeka, kupogoa na kutema, na desturi za wazee wao katika kiangazi. Maneno hayo yangali vinywani mwa wachache, nao hawatakaa siku zote.